Puti ya Haraka na Nyumba ya Mama

Ndugu zangu, niwaombe radhi mapema: huu mfano nitauharibu. Mke wangu ameusikia mara mbili jikoni, na mara zote mbili alisema, "Baba, Jumapili hiyo mwachie mwinjilisti ahubiri." Mimi nikishika hadithi huanza na mwisho, katikati nacheka peke yangu, na penye utamu napasahau mpaka mmeshafika nyumbani mnasonga ugali. Kwa hiyo mkiona nimepotea, mtu mmoja akohoe. Ila asikohoe Mwalimu Mbwilo wa kwaya, maana yeye akikohoa tu, sauti ya kwanza wanaanza kuimba. Na leo wanaimba bila kinanda, masikini, tusiwachoshe.

Wewe mama wa benchi la mbele unayenusanusa hewa tangu nimepanda hapa, nimekuona. Ndiyo, mimbari inanukia minti. Tutaifikia.

Haya. Mtu mmoja alikuwa fundi wa nyumba ambazo hakuna mtu anayeweza kuingia. Mnacheka nini? Alitengeneza vijumba vya mfano. Mchora ramani akitaka kumwonyesha tajiri jinsi ghorofa lake litakavyokuwa, alikwenda kwake, na fundi akaikata plastiki nyeupe kwa wembe, akaibandika, akaipaka rangi, mpaka ukaona ghorofa zima limekaa juu ya meza ya chai, na vioo vyake, na ngazi zake, na tangi la maji juu. Sifa yake mjini ilikuwa moja. Maungio hayaonekani. Unaweza kukizungusha kijumba chake mpaka kichwa kikuume, hutaona mahali kipande kimoja kilipokutana na kingine.

Siku moja mama yake mzazi akamwita. Mama huyu macho yalikuwa yamekwisha, ameishi gizani miaka, na sasa na moyo ulikuwa umechoka. Daktari alishamwambia fundi wakiwa kwenye korido: hesabuni wiki, msihesabu miezi.

Mama akasema, "Mwanangu, wewe unawajengea watu nyumba za mezani. Nijengee ya kwangu."

"Ipi, mama?"

"Ninayo ngapi? Ile waliyoiwekea alama ya X nyekundu, wakaja na tingatinga kupanua barabara. Nataka niingie tena mara moja kabla sijaenda. Macho sina, nitaingia kwa vidole. Na iwe nzima, na chumba cha kaka yako kiwemo. Nyumba yangu haikuwa na ufa."

Mtoto gani angekataa? Fundi akarudi kwenye banda lake, akafumba macho, akaitembea ile nyumba kwa kumbukumbu: hatua saba kutoka mlango wa mbele hadi sebuleni, tatu hadi chumba cha baba, nne hadi chumba cha kaka. Akaijenga. Chini rangi ya kijani, juu nyeupe, kama alivyoipaka marehemu baba yake. Paa akalifanya la kufunuliwa kama kifuniko cha sufuria, ili vidole vya mama viingie. Hata mlango wa chumba cha kaka akauweka wa karatasi ngumu, nusu wazi, akaugundisha hapohapo, kwa sababu kaka yake hakuwahi kuufunga mlango maishani mwake.

Sasa sikilizeni jambo la ufundi kidogo, msisinzie. Kijumba kikubwa hujengwa nusu mbili, ili mkono uweze kuingia kupanga vyumba. Halafu zile nusu zinabanwa pamoja, na katikati pake hubaki mwanya. Mwanya huo unazibwa kwa puti, unasuguliwa kwa msasa, unapakwa rangi, kwisha. Na katika nyumba hii mwanya uliangukia pale mlangoni, ukapita sebuleni, ukaenda moja kwa moja hadi kizingiti cha chumba cha kaka.

Jirani wa banda lile alikuwa fundi bodi, mzee wa kunyoosha magari yaliyogongwa. Mdomo wake ulikosa breki kuliko gari lolote lililoletwa pale. Akachungulia.

"Unaziba nini leo, Bwana Vijumba?"

"Maungio. Nina puti ya haraka hapa, robo saa imekauka."

"Imekauka ngozi! Ndani bado uji. Chukua hii yangu ya magari. Hii ya kopo unaichanganya na hii ya tyubu. Kopo peke yake haligandi hata ulipe mwaka, na tyubu peke yake ni uchafu tu. Mpaka zikutane."

"Hiyo yako inanuka, mzee. Na ukiichanganya inachemka kama chai."

"Inachemka kwa sababu inashika! Wewe unataka kitu kishike bila kuchemka? Basi nenda kapake dawa ya meno!"

Akaondoka akicheka peke yake mpaka gereji. Fundi akabaki na makopo mawili mezani. Mama ana wiki chache. Ya magari itataka kusuguliwa siku nzima. Ninyi mngechukua ipi? Msinijibu, mko kanisani, mtasema uongo.

Akachukua ya haraka.

Akaziba, akasugua, ikawa laini kama shavu la mtoto. Akapaka rangi. Kesho yake mchana, saa saba, jua limesimama juu ya bati na mtaa mzima umenyamaza, mafundi wote wako kwa mama ntilie, akafunua kitambaa aiangalie. Mstari umerudi. Mwembamba kama unywele, kutoka mlangoni, kupita sebuleni, hadi kizingiti cha kaka.

Akasema, nilikuwa na haraka. Akaongeza puti juu ya puti, akasugua, akapaka.

Siku ya pili mchana, saa ileile. Mstari umerudi, na sasa ukucha ungeweza kuingia. Si hilo lililomfanya arudi nyuma hatua moja. Ule mlango wa chumba cha kaka, aliougundisha nusu wazi kwa mkono wake mwenyewe, ulikuwa umefungwa.

Akaangalia nyuma yake. Banda lilikuwa na komeo, ufunguo alikuwa nao yeye. Akajiambia, puti ikikauka hujivuta, imeuvuta mlango. Na inaweza kuwa kweli, jamani, mimi si fundi. Akajaribu kuufungua kwa ncha ya kisu. Ukagoma. Akauacha. Akaongeza puti.

Siku ya tatu hakutaka kufunua kitambaa. Alikizunguka kile kijumba kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Akanywa maji. Akafagia banda ambalo halikuwa na uchafu. Mwisho akafunua.

Mstari ulikuwa umeota tawi. Ulifika katikati ya sebule ukakata kona, ukaenda zile hatua tatu, ukaingia chumba cha baba. Na pale, ndugu zangu, hapakuwa na maungio. Sakafu ya pale ilikuwa kipande kimoja kizima cha plastiki. Ufa ulikuwa unapita mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuachana.

Akainama, akaweka sikio. Kwa nini mtu aweke sikio kwenye kijumba? Mimi ningekuwa nimeshafika stendi, nimekata tiketi ya kwenda popote. Lakini yeye aliweka. Akasikia, mbali sana, kama kutoka chini ya meza na chini ya ardhi, mlio anaoujua: kitanda cha kamba, mtu anapojigeuza polepole ili asikie vizuri.

Akanyanyua kichwa haraka. Maana kitanda kile alikijua, na siku ile aliijua.

Miaka minane nyuma, baba yao alikuwa amelala kwenye kitanda hicho. Kaka mtu alikuwa dereva wa malori, yuko njiani kwenda mpakani. Akapiga simu: "Mdogo wangu, nigeuze gari?" Na fundi, akiwa amesimama pale kwenye mlango wa chumba cha baba, akajibu: "Usigeuze, kaka. Baba anakula uji vizuri." Baba hakuwa amekula chochote kwa siku mbili. Fundi alijua. Lakini tangu utotoni alikuwa mtoto wa pili kwa kila kitu, na safari hii, mara moja tu, alitaka awe yeye peke yake aliyekuwepo.

Baba akafa siku ya tatu.

Msibani shangazi yao akasimama mbele ya watu wote akasema, "Kuna mtoto humu amemwacha baba yake afe akimwita." Watu wakamtazama kaka. Kaka akamtazama fundi. Fundi akatazama kikombe chake cha chai.

Siku ya kuondoa tanga wazee wakawakalisha kwenye mkeka mmoja. "Ninyi ni damu moja. Shikaneni mikono, yaishe." Wakashikana. Mtu akapiga picha. Chai ilikuwa bado ya moto, shauri likawa limekwisha. Tangu siku hiyo kaka alimpigia simu mama kila wiki, na kwa mdogo wake alituma salamu. Salamu tu, miaka minane.

Mnaona puti hiyo? Robo saa!

Sasa fundi angefanya nini? Mnafikiri alikwenda kwenye simu? Thubutu. Alipaka puti mara ya nne, akapaka rangi, na kabla jua halijafika juu, kabla ufa haujapata nafasi ya kurudi, akakibeba kijumba akakimbiza kwa mama yake. Rangi haijakauka. Njiani akakiangalia: safi. Hakuna jicho duniani lingeona kitu.

Tatizo ni kwamba alikuwa anampelekea mtu asiye na macho.

Mama akaketi mkekani, akafunuliwa paa. Akaingiza vidole. Akagusa kizingiti, akacheka kama msichana. "Aa! Hapa ndipo baba yenu alipojikwaa kila siku ya Mungu." Akapita sebuleni. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa pana ufa."

"Hakuna, mama. Nimeshapaka rangi."

"Rangi ni ya wenye macho, mwanangu." Na kidole kikaanza kutembea. Fundi akatazama rangi ya sakafu, laini, nzima, na kidole cha mama yake kikifuata juu yake njia ambayo yeye hakuiona: mlangoni, sebuleni, kizingiti cha kaka. Kikarudi. Kikakata kona. Kikaenda hatua tatu, kikaingia chumba cha baba, kikakaa pale pembeni mwa kitanda.

"Unaishia hapa," mama akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nimelala."

"Lini, mama?"

"Siku uliyomwambia kaka yako asigeuze."

Fundi akaketi mkekani.

"Nilikuwa chini, kwenye mkeka, pembeni ya kitanda. Ulidhani nimelala. Baba yako naye alisikia. Alijigeuza, kitanda kikalia, akanitazama; wakati ule macho nilikuwa nayo bado. Hatukusemezana."

"Mama, miaka yote hii… mbona hukusema? Shangazi alipokuwa anamsema kaka, mbona hukusema?"

Mama akatoa vidole ndani ya nyumba yake, akavifuta kwenye kanga. "Watu walikuwa wengi uani. Nikasema, nyumba yangu isionekane ina ufa. Kwani wale wazee waliowaambia 'yaishe' unadhani walitumwa na nani?"

Akalirudisha paa kwa kupapasa. Kisha mama akasema, "Nirudishie imezibwa vizuri. Na usirudi nayo peke yako."

Fundi akapiga simu. Kaka akafika siku ya tatu, ameacha lori, amevaa koti la safari. Wakakaa bandani, kijumba katikati yao. Fundi akasema yote. Hakuanza na "unajua, kaka, siku zile nilikuwa na mawazo." Alisema: "Baba hakuwa anakula. Nilijua. Nilikuzuia ili niwe mimi. Na msibani nikanyamaza."

Kaka akasimama. Uso ukamwiva. Akatoka nje, akakaa juu ya tairi kuukuu pale gereji tangu saa nne hadi alasiri, hasemi, hali, hatazami mtu. Yule mzee wa bodi, na mdomo wake wote, alimpita mara tatu bila kumtania. Alipoingia tena, sauti ilikuwa imekauka.

"Miaka minane naendesha gari nikijiuliza kwa nini nilikusikiliza. Kila kilima. Kila mizani ya barabarani. Nikadhani sikumpenda baba."

"Nisamehe, kaka."

"Sijakusamehe bado." Akavua koti. "Lete hilo kopo."

Wakakwangua. Puti yote ya zamani ikatoka, na hapo ndipo walipoona: ile ya siku ya kwanza kabisa, chini kule, ilikuwa bado mbichi, inanata kwenye kidole. Kaka akashika kopo, mdogo akashika tyubu, wakachanganya kwenye kigae. Ikanuka, ikachemka, mkono ukasikia moto. Wakaziba.

Mama akapitisha kidole. "Nausikia bado," akasema. "Umevimba kidogo. Mgumu."

Fundi akachukua msasa haraka. Mama akamshika mkono.

"Uache hivyo. Nijue mlipoungana."

Aliishi wiki mbili zaidi, na karibu zote aliziishi humo, vidole vyake vikitembea chumba hadi chumba. Asubuhi waliyomkuta ameshaondoka, mkono mmoja ulikuwa bado ndani ya nyumba. Na ule mlango mdogo wa karatasi, uliogoma kwa kisu na ambao hakuna aliyeugusa tena, ulikuwa wazi wote, umeegemea ukuta.

Msiniulize. Mimi nimewapa ilivyo.

Lakini sisi! Sisi, wapendwa! Hivi kwa nini tunapenda puti ya haraka? Mume na mke wamenuniana mwezi mzima, tunawapa dakika tano: "Shikaneni mikono." Ndugu wamekatana mioyo, tunawaitia mpiga picha. Tunasema "yaishe" kabla hata halijasemwa lililoanza. Halafu tunashangaa ufa unarudi, tena unarudi na tawi, unaingia kwa watoto ambao hawakuwepo. Ndani bado uji, ndugu zangu! Mtu amelala miaka minane na kitu kibichi kinachonata, na juu amepaka kijani na nyeupe, anatoa sadaka, anaimba besi.

Kusamehe kuna kopo na kuna tyubu. Mmoja alete ukweli wake wote, hata kama unanuka. Mwingine alete maumivu yake yote, hata kama yanaunguza. Mmoja peke yake hagandishi kitu. Na tusiogope ikichemka! Tuogope ikiwa baridi. Na sisi wazee, na sisi viongozi, ambao kazi yetu imekuwa kuwahi na rangi kabla wageni hawajafika uani, Mungu atatuuliza ule ufa uliishia pembeni ya nani.

Nimemaliza. Ila kuna harufu niliyowaahidi.

Alhamisi tulikuwa na kikao hapa, wazee wote wapo. Suala lilikuwa kinanda, kile kilichonyamaza tangu Pasaka. Mimi nikasimama hapahapa nikasema kimemwagiwa chai na hili ni kosa la kwaya, nikamtaja Mwalimu Mbwilo kwa jina, na kwa uchungu wa mali ya Bwana nikapiga ngumi mimbari. Ikapasuka. Njooni muone, chini ya kitambaa hiki, kutoka hapa mpaka hapa. Mwalimu akatazama chini. Baadaye mlangoni nikampa mkono nikamwambia, "Mwalimu, yaishe," akasema, "Haya, Mchungaji." Robo saa haikufika. Jana nikaja na dawa ya meno, nikaziba mimbari mwenyewe, nikasugua, nikapaka vanishi. Asubuhi ya leo ufa umerudi.

Mwalimu Mbwilo, usisimamishe kwaya kwanza. Kaa. Kikombe kilichomwagika ndani ya kinanda kile kilikuwa cha chai ya tangawizi, na katika usharika huu mzima anayekunywa chai ya tangawizi akifanya mazoezi ya kinanda kwa siri, peke yake, vibaya, ni mimi.